Jinsi Nilivyotafsiri Nyumba Inayowaka Moto

Hapa Rumonge mimi ndiye mtaalamu wa haraka. Mtu akitaka kujua Waingereza husema nini wanapotaka jambo lifanyike upesi, ataelekezwa kwangu, mimi ambaye mke wangu akinituma chumvi asubuhi huipokea wakati vyombo vimeshaoshwa. Utaalamu huu sikuusomea chuo chochote. Niliupata kambini, Tanzania, katika kitabu kisicho na jalada kilichofika ndani ya robota la nguo za msaada. Naamini mtu mwema aliyekitoa alikaa kwake akajiuliza mkimbizi anakosa nini, akajijibu kwamba anakosa koti la theluji na maelezo ya asili ya misemo ya Kiingereza. Koti nilimpa jirani, akalifanya godoro la mtoto. Kitabu nilikisoma miaka sita.

Sura ya mapenzi ilikuwa na kurasa tatu. Sura ya haraka ilikuwa na kumi na nne, na sisi tuliokuwa kambini, ambao kazi yetu kubwa ilikuwa kungoja, ndio tuliopewa tuisome. Ndipo nikajua kwamba Mwingereza mwenye haraka hasemi "upesi" kama watu wengine. Kwanza anatafuta kondoo. Jambo litakwisha, asema, kwa muda ambao mwana-kondoo hutikisa mkia mara mbili. Akikosa kondoo anatafuta kofia, kwa sababu zamani huko Amerika watu wawili wakitaka kupigana au kushindana mbio, mtu wa tatu aliangusha kofia chini, na kofia ikigusa ardhi, ngumi zinaanza. Hata leo mtu aliye tayari kwa jambo lolote husema atalifanya kofia ikianguka. Nilivihifadhi vitu hivyo kichwani kama wengine walivyohifadhi Zaburi.

Tuliporudi Burundi, nchi ikawa imeingia katika jumuiya na majirani wanaosema Kiingereza, na ghafla Kiingereza changu cha kambini, ambacho watu wa Kifaransa walikuwa wakikicheka, kikageuka mali. Nikapata kazi ya kufundisha shule ya sekondari. Alhamisi alasiri nilifundisha watu wazima katika ukumbi wa kanisa: madereva wanne wa moto, yaani pikipiki za abiria, fundi cherehani mmoja, na mama mmoja anayeuza sokoni ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu. Wote walitaka kujua namna ya kusalimia, kuuliza bei na kujaza karatasi za mpakani. Mimi nikawapa asili ya misemo.

Yule mama wa ndagala ndiye aliyenisumbua. Alikaa benchi la mbele, daftari juu ya magoti, kalamu imechomekwa kwenye kilemba, akiniangalia kama mteja anayechunguza mizani.

"Mwalimu," aliniuliza siku ya kondoo, "huyo mwana-kondoo akishatikisa mkia mara mbili, halafu?"

"Halafu kazi imekwisha, mama."

"Kazi gani?"

"Kazi yoyote. Ni namna ya kusema muda mfupi."

"Bon. Basi ni kondoo wa bahati. Ndagala zangu zinataka siku mbili za jua, hata ukitikisa mkia wa ng'ombe."

Wiki iliyofuata nikaja na msemo mwingine. Waingereza, niliwaambia, husema jambo litakwisha kabla hujamaliza kutamka jina la bwana mmoja. Bwana mwenyewe hajulikani vizuri. Wengine wanasimulia kwamba alikuwa mtu wa kutembelea majirani, na kabla mtumishi hajamaliza kumtangaza mlangoni, yeye alikuwa ameshaondoka.

"Hakuketi?" aliuliza mama.

"Hakuketi."

"Hata maji hakunywa?"

"Nadhani hakunywa."

Akafunga daftari. "Huyo hakuwa na haraka, Mwalimu. Huyo hakuwa na adabu."

Madereva wa moto wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Nikajaribu kuokoa heshima yangu kwa kuwaambia habari ya "chapchap". Nikawaeleza kwamba Waingereza nao wanalo neno hilo karibu vilevile, na kwamba kitabu kinasema mabaharia wao walilichukua katika bandari za China. Fundi cherehani alikataa katakata. Chapchap, alisema, ni ya hapa. Baba yake alikuwa anaisema Uvira kabla Mchina yeyote hajafika. Nikamwambia huenda ilifika kwetu kwa meli, au huenda kila mtu alijitengenezea yake. Akasema yeye haoni sababu ya Mchina kutangulia. Kipindi kikaishia hapo, na hakuna aliyejua bado kuuliza bei ya nyanya.

Nilimngoja mama nje nikamuuliza kwa nini anaendelea kuja kama misemo yangu inamchosha hivyo. Akatazama pembeni, kisha akaniambia. Binti yake mkubwa alikuwa Zambia mwaka wa tatu, anauza vitenge katika duka la mjomba wake. Amepata mchumba huko, fundi umeme, mtu wa kanisa. Wakwe watakuja.

"Hawajui Kiswahili, hawajui Kirundi," alisema. "Mimi nimesema, wakifika nisikae kama jiwe. Nataka niwaambie karibuni, nataka niwaulize kama mutoto wangu anakula vizuri. Wewe unanifundisha mkia wa kondoo."

Niliona haya. Lakini haya yangu huwa haikai muda mrefu, kwa sababu hapohapo aliniomba niwe mkalimani siku ya wakwe kuja, na mimi nikajiona nimepanda mnara. Nikamwambia asiwe na wasiwasi wowote, mkalimani amepatikana.

Mume wake sikuwa na haja ya kutambulishwa. Rumonge nzima inamjua kwa polepole yake. Ana michikichi ya mawese njia ya Kigwena, na nyumba yake ya sasa aliijenga kwa miaka saba, tofali moja baada ya jingine, kila tofali akiligonga kwa kidole na kulisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Watu walipita na kumuuliza, mzee, utahamia lini? Akajibu kwamba itakapokuwa tayari itamwambia. Nyumba ya kwanza aliipoteza Minago siku tulipokimbia. Hilo nililijua, kwa kuwa kila mmoja wetu tuliorudi alipoteza kitu, na hatukuwa na desturi ya kusimuliana. Ningekuwa na akili, ningelikumbuka kwa wakati wake.

Wageni walifika siku ya Ijumaa, wamevimba miguu. Walikuwa wamepita Tanzania kwa basi siku tatu, wakavuka mpaka wakashuka hadi Nyanza-Lac na kupanda tena kwetu. Walikuwa watatu: kijana mwenyewe, mrefu, mkimya, mwenye makovu madogo ya nyaya vidoleni, dada yake, na mjomba wao, mzee aliyestaafu kazi ya reli, mwenye suti ya kahawia na kofia ya majani. Msemaji alikuwa yeye. Nilikwenda kuwasalimia katika nyumba ya wageni ili mimi na yeye tupange mambo ya kesho.

Sijawahi kupendana na mtu mzima upesi namna ile. Nilipomwambia nafundisha misemo, macho yake yakang'aa. Akatupa ya kondoo, nikadaka. Nikatupa ya kofia. Akavua yake akaiangusha sakafuni, akapiga makofi. Akanipa moja ya reli, ya mvuke wote kwenda mbele. Akaniuliza asili ya lile neno lao la "jifi", yaani kitambo kidogo sana, nikamwambia kwa fahari kwamba hakuna ajuaye, ila wapo wanaosema wezi wa zamani waliliita radi hivyo. Akainuka akanishika mkono. Kwa saa nzima tulitupiana mapambo ya lugha ya watu wengine, wazee wawili wa Afrika kando ya ziwa, na yule kijana alikaa kitandani akitutazama, akitaka tu kujua baba mkwe wake ni mtu wa namna gani.

"Ni mtu wa polepole," nilimwambia mwishowe.

"Nani?" akashtuka mjomba. "Sisi tunaondoka Jumatatu. Likizo ya kijana inaisha. Nataka kesho tutaje nia yetu, tukubaliwe, tupange harusi ya mwezi ujao. Kabla hujamaliza kutamka jina la yule bwana."

Mtu mwenye busara angemweleza hapo kwamba kwetu siku ya kwanza huwa ni ya kufungua mlango tu. Watu huja, hukaa, husifiana, huzungumza habari za mvua na za njia, na ndipo jambo lenyewe hutajwa kwa mbali, kana kwamba limepotea kutoka nyumba ya jirani likaingia hapo kwa bahati mbaya. Mimi nilimwambia hakuna shida.

Jumamosi saa nne tulikuwa sebuleni. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amekaa chini ya dirisha, kushoto kwake kaka zake wawili. Mama alisimama mlangoni akawaambia wageni, kwa Kiingereza, karibuni sana nyumbani kwetu. Alilisema polepole, kila neno limenyooka. Mjomba aliinama akamjibu, naye mama akaelewa, akaniangalia mimi kwa jicho la ushindi. Sentensi hiyo sikumfundisha mimi. Alijifunza kwa dereva mmoja wa moto, nje ya darasa.

Binti alikuwa chumba cha nyuma na wanawake, kama desturi inavyotaka. Alikuwa amerudi wiki moja kabla. Tulisikia vikombe vikigongana huko, na vicheko vya chinichini.

Soda zikamiminwa. Mzee akauliza habari za safari, nikatafsiri. Akauliza kama Zambia mvua imenyesha, nikatafsiri. Akauliza kama mihogo yao inapata ule ugonjwa wa majani kujikunja. Mjomba akaanza kuangalia saa. Mzee akaeleza kwa utaratibu ugonjwa huo ulivyoingia Minago, shamba kwa shamba, na jinsi walivyong'oa mbegu za zamani. Nilitafsiri ugonjwa wa mihogo kwa uaminifu mkubwa. Maelezo yalipofika mashamba ya Muhuta, mjomba alisimama, akafunga kifungo cha suti, akasema anaomba kusema neno.

Na neno lenyewe lilikuja kama maji ya bomba lililopasuka. Alisema kijana wao ni mwema, ana kazi, hanywi pombe. Hapo nilikwenda naye sawasawa. Kisha akasema kijana yuko tayari kuoa hata leo, kofia ikianguka.

Mkalimani wa kawaida angesema, "yuko tayari kabisa," akakaa kimya. Lakini mimi si mkalimani wa kawaida. Mimi ni mtaalamu. Nikasema, "Kijana yuko tayari kofia ikianguka," kisha nikawafafanulia, bila kuombwa na mtu, kwamba zamani huko Amerika kofia iliangushwa ili watu waanze kupigana.

Kaka mmoja wa mzee akaweka chupa yake chini. "Wamekuja kupigana?"

"Hapana, hapana. Ni mfano."

"Mfano wa kupigana, siku ya kuomba mke?"

"Ni mfano wa kuwa tayari."

Mzee akainua mkono kidogo, kaka akanyamaza. "Aendelee," alisema.

Mjomba, akiona nyuso zimeamka, alidhani hotuba imewagusa. Akaongeza mwendo. Alisema wazazi wasiwe na shaka yoyote juu ya mapenzi ya vijana hawa. Yeye mwenyewe alikuwapo siku walipokutana kanisani. Walipatana, alisema akitabasamu, akipanua mikono yake yote miwili, kama nyumba inayowaka moto.

Msemo huo ninaujua. Uko katika sura ya haraka, ukurasa wa tisa, chini. Unatoka katika siku ambazo nyumba zao zilikuwa za miti na za nyasi, na moto ukishika paa ilikuwa imekwisha. Kwanza walisema hivyo kwa kitu chochote kiendacho upesi sana. Baadaye ukabaki kwa watu wanaopatana tangu siku ya kwanza. Nimewahi kuufundisha. Nimewahi kuutungia maswali ya mtihani. Lakini mzee wa reli alikuwa anakimbia, nami nilikuwa nakimbia nyuma yake, nikiogopa kuachwa, na mdomo wangu ukasema kwa Kirundi safi, kwa sauti ya mtu anayefundisha:

"Watoto hawa walipokutana, ilikuwa kama nyumba inawaka moto."

 Vikombe vya chumba cha nyuma viliacha kugongana.

Mzee alinitazama mimi, hakumtazama mjomba. Halafu akaweka mikono yake magotini, akajiinua taratibu kama anavyofanya kila kitu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kaka zake wakamfuata mpaka mlangoni, wakasimama hapo.

Ndipo nikakumbuka kile ambacho kila mtu wa umri wangu hapa pwani anakijua. Siku ile Minago yeye alikuwa tayari majini, ndani ya mtumbwi, mke wake ana mimba ya huyu binti, na alikaa amegeukia nchi kavu akaitazama nyumba yake mpaka paa likaanguka. Walioketi naye katika mtumbwi ule walisema hakulia. Alihesabu tu, polepole, kwa sauti, na hakuna aliyejua anahesabu nini. Haikuchukua muda. Kuhusu hilo, kitabu changu hakikudanganya hata kidogo.

"Kuna nini?" mjomba aliniuliza, mikono yake bado imepanuliwa nusu. "Nimesema nini?"

Mimi, ninayejua asili ya misemo mingi kuliko mtu yeyote kati ya Bujumbura na Nyanza-Lac, nilikosa neno.  Nilianza kusema kwamba kuna tatizo dogo la tafsiri.

"Si la tafsiri," alisema mtu nyuma yangu kwa Kiingereza.

Alikuwa binti. Ametoka chumba cha nyuma, kitenge kipya mwilini, nywele zimesukwa nusu, kichana kimebaki kimechomekwa upande mmoja. Siku hiyo hakutakiwa kuonekana sebuleni kabla ya kuitwa. Mama yake alimshika mkono. Akautoa kwa upole. Akasimama mbele ya mjomba wa mchumba wake na kumweleza kwa Kiingereza cha dukani, kisicho na kondoo wala kofia. Baba yangu alikuwa na nyumba. Watu waliichoma. Alikuwa anaangalia. Mimi nilikuwa tumboni mwa mama. Mjomba, hapa kwetu usiseme hivyo.

Mjomba alikaa chini. Sura yake yote ilishuka. Yule kijana, ambaye hatukuwa tumemsikia sauti tangu asubuhi, alimuuliza mchumba wake kitu kwa sauti ndogo. Nilikuwa karibu nikasikia. Alimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Naye akamjibu, "Hata mimi sikuambiwa na baba. Niliambiwa na mama, mwaka jana."

Kisha mjomba alisimama, akatoka nje. Nilimfuata, kwa kuwa mkalimani hufuatana na mtu wake. Binti akanizuia mlangoni. "Mwalimu," aliniambia, na kwa heshima yote, "wewe pumzika kidogo."

Basi nilipumzika, dirishani, pamoja na ukoo mzima.

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, karibu na pipa la kuchemshia mawese, anatazama upande wa ziwa. Mjomba alimkaribia akasimama hatua mbili kutoka kwake. Alivua kofia akaishika mbele ya tumbo. Binti alisimama kati yao, tayari, lakini mjomba hakuanza na Kiingereza. Alikuwa anatafuta kitu kingine. Alinyoosha kidole kwenye jivu lililokuwa chini ya pipa, akataja moto kwa lugha ya kwao, Kibemba.

"Umulilo."

Mzee akageuka. Akaliangalia jivu, akamwangalia yeye.

"Umuriro," alisema, kwa Kirundi.

"Umulilo," alirudia mjomba, akapiga kifua chake kwa ngumi, akatikisa kichwa. Kisha akaelekeza mkono kwa binti. "Umwana," alisema.

"Umwana," alisema mzee. Neno hilo halikuhitaji hata kubadilishwa herufi moja.

Sijui kwa hakika walisemezana nini baadaye. Binti alisaidia pale maneno yalipokosa ndugu. Mjomba alisema, binti alituambia jioni ile, kwamba yeye pia alizika watoto wawili na kwamba ulimi wake una mazoea mabaya ya kukimbia mbele yake, tangu alipokuwa kijana wa kupiga filimbi za treni. Mzee alisema mengi zaidi kuliko kawaida yake. Alisema paa lilikuwa la nyasi mpya, alikuwa amelimaliza wiki ileile. Katika miaka yote, mama hakuwahi kusikia habari ya wiki ileile. Tuliwatazama tu kupitia dirishani, kaka mmoja akinikanyaga mguu ili aone vizuri. Kwa miaka kumi na tano nilikuwa nikiwaambia watu wa Rumonge kwamba bila Kiingereza hatutaelewana na majirani zetu.

Waliporudi ndani, mzee alikaa mahali pake, akaomba soda nyingine, akanywa nusu. Akaanza kusema, na binti ndiye aliyetafsiri. Jambo hilo halijawahi kutokea, msichana kutafsiri maombi ya ndoa yake mwenyewe, na mashangazi bado wanalizungumza. Mimi nilikaa pembeni kama mtu aliyealikwa kula.

Mzee alisema amewaona na amewapokea. Mlango umefunguliwa. Lakini harusi ya mwezi ujao hataki kuisikia. Kijana arudi wakati wa kiangazi, aje mwezi mzima, akae hapa, afanye kazi naye kwenye mawese, ili yeye amtazame. "Nataka kumjua," alisema. "Si kwa kuwa ninamshuku. Ni kwa kuwa kila kitu nilichopoteza kiliondoka upesi. Huyu simtoi upesi."

Binti alipofika sentensi hiyo ya mwisho alikwama. Alijaribu mara mbili. Mchumba wake akasema, "Acha, nimeelewa," na ikawa kweli kwamba ameelewa, ingawa haikuwa imetafsiriwa bado.

Mjomba alitazama saa yake kwa mazoea, kisha akaivua akaitia mfukoni. Walitakiwa kuondoka Jumatatu, waliondoka Alhamisi. Jumapili walipelekwa kanisani, Jumatatu wakapelekwa kuona msitu wa Kigwena, Jumanne mama akampeleka dada wa kijana sokoni, wakarudi wakicheka juu ya kitu ambacho hatukuambiwa. Mimi sikuitwa hata mara moja. Niliwaona Jumanne jioni, wazee wawili juu ya benchi, wakitaja vitu kimojakimoja: mtu, mtoto, moto, na kukaa kimya wakifika kwenye kimoja kisichofanana, wakikitikisia vichwa kama jamaa aliyekosa kuhudhuria msiba.

Kijana alirudi kiangazi kama alivyoagizwa. Alikaa wiki tano, moja zaidi ya alizotakiwa. Alipanda michikichi, akaungua mikono kwenye pipa, akaweka umeme ndani ya nyumba ya baba mkwe wake, na mzee alikagua kila waya kwa kidole. Harusi ilifanyika mwaka uliofuata.

Kuhusu darasa langu, Alhamisi ya kwanza baada ya wageni kuondoka niliingia ukumbini nikakuta mama wa ndagala ameshafika, daftari juu ya magoti. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa hotuba fupi. Aliinua mkono.

"Mwalimu, leo nataka kujua namna ya kumwambia mtu: pumzika, hakuna haraka, kesho bado iko."

Nilifikiri. Nilipitia kichwani kurasa zote kumi na nne, kondoo, kofia, bwana asiyeketi, radi ya wezi. Hakukuwa na kitu. Nikamwambia kwa Kiingereza maneno matatu ya kawaida, "take your time", yale ambayo mtoto wa darasa la pili anayajua, bila asili, bila hadithi. Aliyaandika. Akayasoma kwa sauti, akakosea la mwisho, nikamsahihisha, akayasoma tena.

"Ni hayo tu?" aliuliza.

"Ni hayo tu, mama."

"Murakoze," alinishukuru kwa Kirundi. Akageukia dereva wa moto aliyekuwa nyuma yake, yule aliyemfundisha kukaribisha wageni, akamuuliza kama mwalimu amesema sawa.